Msikiti wa Kizimkazi Una Umri Gani? Tarehe ya Jiwe na Umri wa Kuta

Kila Tamasha la Kizimkazi linapofanyika kusini mwa kisiwa cha Unguja, picha za msikiti mdogo ulioezekwa mabati husambaa mitandaoni zikiwa na maelezo yasiyolingana. Mmoja huandika kwamba huo ndio msikiti wa kwanza kujengwa Afrika Mashariki. Mwingine humpita na kuuita wa kwanza barani Afrika. Wa tatu hudai kuwa ulijengwa na Washirazi kutoka Uajemi, na hapo hapo hujibiwa kwamba ni kazi ya Waarabu wa Oman. Wapo pia wanaoyatazama mabati hayo, wakahukumu kwamba jengo lenyewe ni la juzi tu na kwamba habari za karne ya 12 ni chambo cha watalii. Madai haya hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, lakini wengi wanaoyatoa hawasemi uongo kwa makusudi. Wanajibu swali moja ambalo limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Swali lenyewe ni hili: msikiti huu una umri gani? Linaonekana jepesi, kumbe ndani yake yamo maswali matatu. La kwanza ni tangu lini Waislamu wamekuwa wakiswali mahali hapa na katika miji jirani. La pili ni maandishi yaliyochongwa ukutani ni ya mwaka gani. La tatu ni kuta tunazoziona leo zilisimamishwa lini. Kila moja lina jibu lake, na mabishano mengi huanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja na kulipachika kwa jingine.

Tuanze na mahali penyewe. Kizimkazi ina vijiji viwili, Mkunguni na Dimbani, na msikiti uko Dimbani, hatua chache kutoka ufukweni. Wageni wengi wanaofika huko huenda kupanda mashua ili kuwaona pomboo, kwa hiyo huupita msikiti bila kujua wamepita nini. Kwa nje hakuna cha kumsimamisha mtu: hakuna kuba, hakuna mnara mrefu, na mabati ya juu yanafanana na ya nyumba nyingine yoyote ya shamba. Lakini kukosa mnara si dalili ya udogo wa umri. Misikiti mingi ya kale ya mwambao haikuwa na mnara, na adhana ilitolewa mlangoni au juu ya paa. Minara mirefu tuliyoizoea sasa ilikuja kuenea baadaye sana.

Kitu cha thamani kiko ndani, katika ukuta wa kibla. Kibla ni upande wa Makka ambao Mwislamu huuelekea anaposwali, na mihrabu ni kishubaka kilichojengwa katika ukuta wa upande huo ili imamu asimame mbele ya safu. Mihrabu isichanganywe na mimbari, ambayo ni jukwaa lenye ngazi ambalo khatibu hupanda kutoa hotuba ya Ijumaa. Katika kisiwa cha Unguja, kibla ni jambo jepesi kwa namna ya kipekee, kwa sababu Makka na Kizimkazi zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo: Makka iko karibu nyuzi 39.8 mashariki, na Kizimkazi kiasi cha nyuzi 39 na nusu. Anayeswali Dimbani, basi, huelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na ukuta wa kibla ndio ukuta wa kaskazini. Jambo hili lina maana kwa historia ya jengo. Watu wanapoupanua msikiti kwa kuwa safu zimezidi, au wanapoujenga upya kwa kuwa umechakaa, kwa kawaida hubomoa na kusogeza kuta nyingine kwanza. Ukuta wa kibla ndio wa mwisho kuguswa, na mapambo yake ndiyo yanayookolewa kabla ya kitu kingine chochote.

Mapambo hayo ni mihrabu iliyochongwa kwa matumbawe pamoja na maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kikufi. Khati hii ni ya kale, yenye herufi zilizonyooka na kukunjwa kwa pembe kali, tofauti na khati ya mviringo ambayo watoto wa chuoni husomea msahafu. Mtu aliyehitimu kusoma Kurani anaweza kusimama mbele ya ukuta wa Dimbani asiambulie hata neno moja, na hilo lisimtie aibu. Kwanza, Kikufi cha aina hii hakina nukta, na bila nukta herufi za be, te, the, nuni na ye zilizo katikati ya neno zote ni kijino kimoja tu. Msomaji hulazimika kuyajua maneno kabla hajayasoma. Pili, fundi hakuziacha herufi zikiwa tupu. Ncha za alifu na lamu zimechipua kama majani, na mashina yake yamesukwa na kupindana, hata jicho linapata taabu kutenganisha herufi na pambo. Ndiyo maana hata wataalamu wamelijadili jina la mtu aliyeamrisha ujenzi. Mara nyingi husomwa kuwa ni Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, lakini wapo wanaozisoma baadhi ya herufi zake kwa namna nyingine.

Tarehe haina utata kiasi hicho. Maandishi yanataja mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria, na mtaalamu wa khati za Kiislamu Samuel Flury aliyachambua katika makala aliyoichapisha mwaka 1922, akayalinganisha na maandishi ya Siraf, bandari ya kale katika pwani ya Uajemi ya Ghuba. Hapa ndipo wengi hujikwaa katika hesabu. Mtume alihama kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622 Miladia, kwa hiyo mtu hujumlisha 500 na 622, akapata 1122, kisha akashangaa kuona vitabu vyote vikiandika 1107. Kosa liko katika urefu wa mwaka. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355, pungufu kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Upungufu huo ndio unaoifanya Ramadhani izunguke misimu yote, mara iangukie masika, mara kipupwe. Miaka 500 ya mwezi ni sawa na miaka 485 hivi ya jua. Ukijumlisha 485 na 622 unapata 1107, na Dhulkaada ya mwaka huo iliangukia kati ya mwishoni mwa Juni na Julai.

Jiwe la Kizimkazi, basi, lina tarehe ya mwaka 1107. Je, kuta nazo? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya jengo linaloonekana sasa ni ya karne ya 18. Ndani ya msikiti mna maandishi mengine, ya baadaye sana, yanayotaja mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770 au mwanzoni mwa 1771, na hayo ndiyo kumbukumbu ya matengenezo makubwa. Anayeijua Zanzibar ataelewa jambo hili upesi akifikiria milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, ambayo mingine ina mwaka uliochongwa kwenye kizingiti cha juu. Nyumba ikianguka, mwenyewe huung'oa mlango na kuuweka katika nyumba mpya, na mwaka ule wa juu unabaki kuwa kweli kwa mlango bila ya kuwa kweli kwa nyumba. Tofauti ni kwamba mlango unaweza kuhamia mtaa mwingine kabisa, ilhali jiwe zito la mihrabu, kwa kawaida, haliendi mbali. Lakini jiwe nalo hung'oleka, na ndiyo sababu wanaakiolojia hawaridhiki na maandishi peke yake, bali huchimba chini ya sakafu kutafuta misingi, vigae vya vyungu na takataka za waliotangulia.

Wenye kudai kuwa msikiti huu ni wa juzi wanaona mabati na kuta, na wanaodai ni wa mwaka 1107 wanasoma jiwe. Kila upande umeshika kweli, na kila upande umeikata nusu. Kwa maoni yangu, anayesema "msikiti wa karne ya 12 uliojengwa upya karne ya 18" amesema karibu yote yanayohitajika, na hakuna haja ya kuongeza chumvi.

Namna majengo haya yalivyojengwa inaeleza kwa nini yalihitaji kutengenezwa mara kwa mara. Mafundi wa mwambao walitumia aina mbili za jiwe. Kuta zilijengwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyopasuliwa nchi kavu, yakashikanishwa kwa udongo na chokaa; chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo hadi yakawa unga mweupe, ambao ulizimwa kwa maji na kuachwa uive. Kwa sehemu za mapambo, yaani mihrabu, fremu za milango na maandishi, walichukua matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi. Jiwe hilo likiwa na maji ndani yake hukatika kwa urahisi na hupokea mchoro mwembamba. Likikauka hewani hukaza na kuwa gumu. Fundi alikuwa na muda wake wa kufanya kazi, na ukimpita, jiwe halimtii tena. Ukilisogelea jiwe la namna hii utaona vitundu vidogo vidogo vilivyosambaa uso mzima, ambavyo ni makao ya viumbe waliolijenga chini ya maji, na juu ya vitundu hivyo hivyo limepita jani la Kikufi.

Paa lilikuwa shida nyingine. Boriti za mikoko ni imara na mchwa huzishinda kwa taabu, lakini si ndefu, kwa hiyo upana wa chumba cha kale cha mwambao mara nyingi hauzidi mita 3 isipokuwa pawe na nguzo katikati. Juu ya boriti palipangwa mawe, juu ya mawe pakamwagwa chokaa na kokoto na kupigwapigwa hadi ikashikana, na matokeo yake yalikuwa paa baridi, zuri, na zito mno. Boriti zikioza, paa zima hushuka na kuondoka na kuta. Mabati yanayowachukiza wapiga picha, kwa hiyo, yana utetezi wake: ni mepesi, na yanaizuia mvua isiyafikie maandishi ya ndani. Sidai kwamba yanapendeza.

Sasa tuje kwa wajenzi. Dai la kwamba msikiti ulijengwa na Waarabu wa Oman linaanguka kwa kutazama miaka tu. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698, karibu miaka 600 baada ya tarehe ya jiwe la Dimbani. Na Sayyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar karibu mwaka 1840, miongo saba baada ya yale matengenezo ya 1184 Hijria. Dai la Uajemi ni zito zaidi na halistahili kutupwa kwa mkono mmoja. Mtindo wa maandishi unafanana na wa Siraf, biashara ya pepo za kusi na kaskazi iliiunganisha pwani hii na Ghuba kwa karne nyingi, na hadi leo wapo watu wa Unguja na Pemba wanaojitambulisha kuwa ni Washirazi. Lakini mtindo wa khati ni elimu inayosafiri pamoja na fundi mmoja, au na mwanafunzi aliyefundishwa na fundi huyo. Hautoshi kuthibitisha kwamba mji mzima ulihama kutoka ng'ambo. Jiwe lililochongwa ni matumbawe, na matumbawe hayakuletwa na jahazi.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa katika makaburi ya kale ya Kenya na Tanzania, umesaidia kuliweka jambo hili sawa. Ulionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika na watu wenye asili ya Asia, hasa Uajemi, walianza kuchanganyika karibu mwaka 1000, na kwamba asili ya Afrika ilitoka zaidi kwa akina mama, ilhali ile ya Uajemi ilitoka zaidi kwa akina baba. Tahadhari moja ni ya lazima: wengi wa waliochunguzwa walizikwa mahali pa heshima karibu na misikiti, kwa hiyo hawawakilishi kila mkazi wa miji hiyo. Hata hivyo, matokeo hayo hayakuwapa ushindi wanaosema kila kitu kilitoka nje, wala wanaosema hakuna kilichotoka nje. Waliojenga Kizimkazi mwaka 1107 hawakuhitaji kuchagua upande katika ugomvi ambao umeanza juzi.

Limebaki dai la "wa kwanza". Barani Afrika halina nafasi kabisa, kwa kuwa msikiti wa Amr bin al-As huko Fustat, Misri, ulianzishwa karibu mwaka 642, na ule wa Kairouan, Tunisia, mwaka 670. Hata katika mwambao wetu ushahidi unaturudisha nyuma ya Kizimkazi kwa zaidi ya miaka 300. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta chini yake alama za msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi akafikia vishimo vya nguzo za miti vya msikiti mdogo wa karne ya 8. Yaani misikiti ya kwanza ya pwani hii ilijengwa kwa miti na udongo, vifaa ambavyo haviachi jiwe la kupigia picha.

Maandishi ya wasafiri yanakubaliana na vishimo hivyo. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii katika mwongo wa pili wa karne ya 10, aliandika juu ya kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu waliozungumza lugha ya Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa mwambao huu. Wengi wanakihusisha kisiwa hicho na Pemba. Huko Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 iligunduliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa Kiislamu, na hazina ile huhusishwa na karne ya 11. Kwa hiyo, wakati fundi wa Dimbani anaanza kuchonga, Uislamu ulikuwa umekwisha kuwa dini ya vizazi vingi katika visiwa hivi.

Kwa nini basi Kizimkazi inatajwa kuliko Shanga? Kwa sababu ya tarehe. Shanga umri wake unakadiriwa kwa kupima tabaka za udongo na vigae, na makadirio yana kiasi chake cha kusogea mbele au nyuma. Kizimkazi inataja mwaka na mwezi, kwa maandishi, juu ya ukuta wa kibla, na ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Kuna na jambo la pili, ambalo mimi nalipa uzito zaidi: Shanga ni gofu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya mwanzo ni ya karne ya 11 au ya 12 na ambao ulipanuliwa sana katika karne ya 14, nao ni gofu, pamoja na uzuri wake wote. Dimbani bado watu wanaswali. Aliyezoea magofu huenda akaona matengenezo ya karne ya 18 ni kama dosari iliyoharibu kitu cha asili, lakini bila matengenezo hayo ukuta wa kibla ungebaki wazi kwa mvua ya masika kwa miaka 250, na leo tusingekuwa na jiwe la kubishania.

Masimulizi ya wenyeji nayo yana nafasi yake, mradi yasipewe kazi isiyo yao. Inasimuliwa kwamba palikuwa na mfalme aliyeitwa Kizi na fundi aliyeitwa Kazi, na kwamba kazi ilipokamilika, mfalme alimkata fundi mkono ili asiweze kumjengea mtu mwingine kitu cha kulingana nayo. Kisa kama hicho husimuliwa pia India kuhusu mafundi wa Taj Mahal, na Urusi kuhusu wajenzi wa kanisa maarufu la Moscow, ambako fundi hupofushwa macho badala ya kukatwa mkono. Kisa kinachopatikana katika nchi nyingi kiasi hicho hakiwezi kutupa tarehe wala jina la fundi halisi. Kinachoonyesha ni kwamba waliokisimulia Kizimkazi waliihesabu kazi ile kuwa ya daraja hilo, na kwamba mji wao, ambao mabaki ya ukuta wake bado yapo, ulikuwa na watu wa kuagiza kazi kubwa.

Maswali ya umri yana matokeo hata katika matengenezo ya sasa, na hapa kuna dhana moja ya mwisho inayohitaji kusahihishwa: kwamba saruji, kwa kuwa ni ngumu kuliko chokaa, ndiyo inayofaa kuuokoa ukuta wa kale. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia chokaa yenye vinyweleo. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, na fuwele huusukuma uso wa jiwe hadi ukavunjika vipande vipande. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo juu ya michoro, tena huijaza mifereji myembamba ya herufi hata Kikufi kikawa hakisomeki kwa mtaalamu wala kwa mwingine yeyote. Chokaa ni laini, na hulazimu kupakwa tena baada ya muda, kazi ambayo mafundi wa visiwani wanaijua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kulipoteza jiwe la mwaka 1107 chini ya lipu ya mwaka huu.

Anayetaka kuyaona maandishi hayo kwa macho yake na afike nje ya nyakati za swala, aombe ruhusa kwa wasimamizi wa msikiti, avue viatu, ajisitiri inavyostahiki, kisha aende moja kwa moja hadi ukuta wa kaskazini.